Nani Mwenye Wimbo?

Katika miaka ya 1950 na 1960, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, aliweza kuyasikia mahadhi mamoja mara mbili katika juma moja. Mara ya kwanza aliyasikia gizani, ndani ya sinema ya Regal, Naaz au Majestic, kwa sauti ya Mohammed Rafi au Lata Mangeshkar, waimbaji wa filamu za Kihindi. Mara ya pili aliyasikia harusini, chini ya taa zilizotundikwa uchochoroni, harmoniamu ikilia na tabla ikijibu. Sauti ilipanda na kushuka pale pale ilipopanda na kushuka sinemani. Maneno, hata hivyo, yalikuwa ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, yenye vina na mizani, na mara nyingi yalimlenga mtu aliyeketi hatua chache tu kutoka kwa mwimbaji.

Wenyewe waliiita taarabu ya Kihindi. Yaseen Mohamed aliifungulia mlango zama za santuri, na aliyeifikisha kileleni ni Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942, ambaye mashabiki walimpa jina la Profesa. Maulidi Juma naye aliimba kwa mahadhi ya Kihindi, akayaweka bega kwa bega na chakacha na ngoma nyingine za pwani. Nyimbo zao zilitembea kwa kanda zilizorekodiwa na kuuzwa na maduka ya mjini kama Mbwana Radio Service, zikafika Lamu, Tanga, Unguja, hadi Muscat na Dubai walikohamia jamaa wengi.

Kijana wa leo anayeshika gitaa akitaka kutunga wimbo mpya kwa mtindo wa Beatles au Queen hudhani ameingia katika jambo geni. Baraza za Kuze na Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale, zimelizungumza jambo hilo tangu mababu zake: wimbo uliotungwa ndani ya umbo la mwenzio ni wa nani? Na chini yake limelala swali la dini, ambalo ni zito zaidi. Mwanadamu, kwa hakika, huumba kitu?

Kabla ya kujibu ni haki kuitazama kazi yenyewe, kwa sababu wengi walioidharau taarabu ya Kihindi hawakupata kuona inavyofanywa. Mshairi hakukaa chini akatafsiri maneno ya filamu. Filamu ilikuwa na kisa chake, bustani yake, shujaa na mpenzi wake. Harusi ya Mombasa ilitaka nasaha, malalamiko, majisifu na mafumbo. Kwa hiyo maneno yalianzwa upya kabisa, na ugumu wa kwanza ulitoka katika lugha. Kihindi na Kiurdu vina silabi ndefu na fupi, na nyingi hufungwa kwa konsonanti. Mahadhi yao yamekatwa kwa vipimo hivyo. Kiswahili hufungua karibu kila silabi kwa irabu, na mkazo wake kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Noti moja ndefu iliyobeba silabi moja nzito ya Kiurdu inamdai mshairi wa Mombasa aamue: ataweka silabi mbili nyepesi, au atavuta irabu moja mpaka pumzi ikaribie kukatika? Akivuta, irabu gani? Sauti ya "a" hupanuka na kuujaza uchochoro mzima, ilhali "i" na "u" hubana koo la mwimbaji anapofika juu. Na mkazo ukiangukia mahali sipo, neno huharibika. Kila Mswahili anajua kwamba "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya jambo lililo sawasawa hutenganishwa na mkazo tu.

Juu ya hayo, hadhira ya Mombasa haikusamehe shairi bovu. Ilitaka kina cha kati na cha mwisho, ilitaka mizani itimie, ilitaka kibwagizo chenye uzito. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971, alikuwa jamaa ya Juma Bhalo na miongoni mwa waliomtungia. Huyu alikuwa fundi wa ushairi wa kusomwa kitabuni, aliyejua bahari zote, na kwa ajili ya wimbo ilimbidi kuziingiza kanuni za Mvita ndani ya umbo lililojengwa Bombay kwa kanuni nyingine. Kazi hiyo ilidai utii kwa mabwana wawili. Anayeiita uvivu hajapata kuijaribu.

Hata hivyo lawama ilikuwapo, na haikuwa ya kipumbavu. Mji wa Kale ni mji wa misikiti; Msikiti wa Mandhry peke yake umesimama tangu karne ya 16. Katika mji wa namna hiyo kuiga si suala la ladha tu. Iko hadithi iliyopokewa na Abu Daud inayomhesabu mtu kuwa miongoni mwa wale anaojifananisha nao. Na hapo hapo Mombasa alikaa mwanachuoni aliyeitafakari sana habari ya kuiga katika karne iliyopita: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947. Mwaka 1930 alianzisha jarida la Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika makala zake, zilizokusanywa katika kitabu cha Uwongozi, aliwalaumu vijana walioiga mavazi, ulevi na anasa za Wazungu wakaacha elimu, bidii na umoja, vitu ambavyo kwa maoni yake ndivyo vilivyowapa Wazungu nguvu.

Ni muhimu kuliona hasa alilolikataza. Hakusema kila kilichotoka ng'ambo kiachwe. Alidai hesabu: umechukua nini, umeacha nini, na ulichochukua kimekufanya nini? Kwake yeye kuiga kulikuwa na daraja, na ubaya ulikuwa katika kuiga kwa usingizi, bila kuchagua. Sheikh alikwisha fariki kabla ya Juma Bhalo kupanda jukwaani, na hakuna haja ya kumtia kinywani fatwa asiyoitoa juu ya taarabu. Lakini kipimo chake kinafaa, na kinauma. Wako waimbaji waliochukua mahadhi ya filamu pamoja na uvivu, wakayapachikia maneno yoyote yaliyotosha kujaza nafasi. Na wako waliochukua mahadhi wakayadai yafanye kazi ambayo hayakupata kuifanya kwao.

Karne nane kabla ya Sheikh Al-Amin, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima juu ya kusikiliza nyimbo. Masheikh wa pwani wanaisoma Ihya hadi leo, na mjadala wa muziki haupiti bila ya jina lake. Hoja yake inaanza kwa ndege. Sauti nzuri ya ndege haikuharamishwa na mtu yeyote, na sauti ya mwanadamu yenye kipimo haiwezi kuharamishwa kwa sababu tu ni nzuri. Uharamu, kwake, huingia kwa milango mingine: kwa mwimbaji, kwa chombo, kwa maneno, kwa hali ya msikilizaji. Hata vyombo alivyovikataza, sababu yake kubwa ilikuwa kwamba vilikuwa alama ya walevi wa zama zake, na kuvipiga kulikuwa kujifananisha nao. Yaani mahadhi yenyewe ni kama maji: hayana dhambi, ila huchukua rangi ya chombo yalimotiwa.

Wanaohoji kasida za maulidi zinazoimbwa kwa mahadhi ya filamu huenda moja kwa moja kwenye mlango huo wa mwisho, wa msikilizaji. Mtoto wa madrasa anamsifu Mtume kwa mahadhi ambayo babu aliyekaa safu ya nyuma aliyasikia mara ya kwanza katika Mughal-e-Azam, filamu ya mwaka 1960, akimtazama Madhubala akicheza mbele ya mfalme. Moyo wa mtoto uko Madina. Moyo wa babu uko wapi? Kwa Ghazali swali hilo halina jibu moja kwa wote wawili, na hakuona aibu kulikubali. Wimbo mmoja unaweza kuwa ibada kwa mmoja na fitina kwa mwenzake aliyekaa naye mkeka mmoja.

Lakini swali la uumbaji bado liko pale pale, na linataka kwenda mbali zaidi, mpaka Basra ya karne ya 10. Huko Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, alikutana na makundi mawili. Mu'tazila, aliokuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, walisema mwanadamu ndiye muumba wa vitendo vyake, la sivyo Mungu angemwadhibu vipi kwa asilolifanya? Wengine walisema mwanadamu hana kitendo chochote, ni unyoya katika upepo. Al-Ash'ari akakataa yote mawili. Muumba ni mmoja. Vitendo vya waja pia ameviumba Yeye. Mja hakiumbi kitendo chake, ila hukichuma, na kwa kule kukichuma kinakuwa chake, na kwacho ataulizwa. Mafundisho hayo huitwa kasbu. Masheikh wa Kishafii wa pwani wanamfuata al-Ash'ari katika itikadi, na watoto wa madrasa wameihifadhi Aqidatul Awam ya Ahmad al-Marzuqi, iliyotoka katika mkondo huo huo.

Wapinzani wake waliicheka kasbu kwa kuwa ni fumbo lisilofahamika. Lakini wafuasi wake walikuwa na mfano ambao hakuna aliyeuvunja kirahisi. Mtazame mtu ambaye mkono wake unatetemeka kwa maradhi, kisha mtazame anayeunyanyua mkono kwa hiari yake. Mikono yote miwili inatikisika. Hakuna kati yao aliyeumba nguvu ya misuli wala mfupa. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua, bila ya kufundishwa, kwamba matikisiko hayo mawili hayafanani, na kwamba la pili ni lake mwenyewe kwa namna ambayo la kwanza silo.

Hapa ndipo taarabu ya Kihindi inapopata hakimu anayeifaa. Wanaosema mtunzi wa kweli ni yule aliyeanza bila ya kitu wanamtaka mwanadamu awe Mu'tazila, tena zaidi ya Mu'tazila wenyewe. Sifa ya kuanzisha kitu pasipo mfano uliotangulia, Kurani, katika Surat al-Baqara aya ya 117, imempa Mwenyezi Mungu, al-Badii, kwa kuzianzisha mbingu na ardhi. Mtunzi wa nyimbo hana sehemu humo. Hakuumba noti, wala sikio, wala lugha aliyonyonya kwa mamake. Alichonacho ni kuchuma: kati ya mahadhi elfu aliyoyasikia akachagua haya, kati ya maneno elfu akayaweka haya, akijua na akitaka. Basi wimbo ni wake kwa kiasi alichouchuma, na kwa kiasi hicho hicho atajibu.

Ukilitazama jambo kwa jicho hilo, hata Bombay haikuwa chemchemi. Katika filamu ya Chhaya ya mwaka 1961, Salil Chowdhury alifungua wimbo mmoja maarufu kwa mahadhi ya Simfoni ya 40 ya Mozart. Katika Sholay ya mwaka 1975, R. D. Burman aliimba mahadhi yaliyokwisha kuimbwa na Demis Roussos, Mgiriki aliyezaliwa Misri. Tashkota, kinanda kidogo cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta, kinacholia katika taarabu nyingi za Mombasa hata mtu akadhani kimezaliwa Mvita, kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikapitia India. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyekaa Mombasa na kuheshimiwa kwa kutunga mahadhi yake mwenyewe, aliyatunga juu ya udi, na udi una nyayo za Yemen na Misri. Anayefuata mto huu kutafuta mahali palipo na maji yasiyotoka kwengine atachoka njiani.

Washairi wa pwani walilijua hili zamani, na wakalifanya kanuni badala ya kulionea haya. Anayejibu shairi la mwenzake hufuata bahari na vina vya aliyeanza. Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wa zama za utawala wa Mazrui aliyefariki karibu mwaka 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili iliposhikana mashati, na katika vita hivyo vya maneno umbo la adui lilikuwa ndilo uwanja wa kupigania. Hakuna aliyemwambia Muyaka kwamba amemwibia mtu kina. Kushindwa kufuata kina ndiko kulikokuwa fedheha. Iko pia takhmisi, ambamo mshairi huchukua mishororo ya mtu mwingine na kuiongezea yake mpaka kila ubeti utimie mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, na watu wakaiita kazi hiyo Takhmisi ya Liyongo. Majina yote mawili yalibaki. Deni liliandikwa mlangoni.

Swali, basi, linageuka. Haliulizi tena mahadhi yalitoka wapi. Linauliza aliyeyachukua alikuwa macho au usingizini, na kama anakubali kudaiwa.

Kesi moja ya Marekani inalibana swali hili kuliko nyingine zote, na ni kesi ya mwanamuziki wa roki aliyetaka kumwomba Mungu. George Harrison, aliyekuwa wa Beatles, alitoa mwaka 1970 wimbo wa My Sweet Lord, ulioweka haleluya ya Wakristo na jina la Krishna katika kiitikio kimoja. Wenye wimbo wa He's So Fine, wimbo wa mapenzi ulioimbwa na wasichana wa Chiffons mwaka 1963, wakamshtaki kwamba mahadhi ni yao. Mwaka 1976 Jaji Richard Owen aliamua kwamba hakukusudia kuiba. Mahadhi yalikuwa yamejificha ndani ya kumbukumbu yake, yakatoka bila ya yeye kuyatambua. Hata hivyo akamwona ana hatia ya kukiuka hakimiliki.

Kwa mtazamo wa kwanza hukumu hiyo inaivunja kasbu. Ule ni mkono unaotetemeka: hakuchagua, kwa nini alipe? Fikihi inayosomeshwa Mombasa ina jibu lililo tayari. Aliyeharibu mali ya mtu kwa kukosea hana dhambi, lakini ana dhamana. Dhambi inafuata nia. Dhamana inafuata haki ya mwenye mali, na haki ya mwenye mali haipungui kwa sababu aliyeivunja alikuwa amelala. Harrison, kwa kipimo hicho, aliomba kwa moyo safi na akadaiwa kwa haki, na hayo mawili hayapingani.

Kipimo hicho hicho lazima kigeuzwe kuelekea Mombasa, hata kama kinauma. Juma Bhalo hakumficha mtu. Hadhira yake ilikwenda sinema, iliyajua mahadhi kabla ya yeye kufungua kinywa, na sehemu ya furaha yao ilikuwa kuyatambua na kuona Kimvita kimeyafanya nini. Dhambi ya udanganyifu haimfikii. Lakini fungu la mtunzi wa mahadhi, awe Naushad wa Bombay au mwingine, lilikuwa la mtunzi huyo, apelekewe asipelekewe. Na jina lake lilistahili kutajwa kama lilivyotajwa jina la Liyongo. Mapenzi kwa taarabu ya Kihindi hayaondoi deni hilo. Anayeipenda ndiye anayepaswa kulitaja kwanza.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imekaribia jambo hili kwa njia yake. Inailinda kazi ya muziki ikiwa imetumiwa juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe. Haidai ianze katika utupu. Mtindo hauna mwenyewe. Mahadhi maalumu yanaye. Mpaka kati ya hivyo viwili, hata hivyo, si ukuta. Neil Innes, Mwingereza, aliwatungia Rutles, kundi la kubuni la filamu ya televisheni ya mwaka 1978, nyimbo mpya ambazo kila moja ilisikika kana kwamba Beatles wameisahau sandukuni. Alikusudia mtindo. Wenye haki za Beatles waliona mali yao, na ikabidi agawane nao mapato.

Pwani yenyewe imekuwa upande wa pili wa mizani hiyo. Them Mushrooms, bendi ya Mombasa iliyojijenga kwa kupiga katika mahoteli ya kitalii, ilitoa Jambo Bwana mwaka 1982, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M, kundi lenye makao Ujerumani, likauimba kwa namna yake ukazunguka dunia. Tangu hapo umeimbwa na watu wasiohesabika, na wageni wengi wanaoupigia makofi huudhania kuwa ni ngoma ya asili isiyo na mtunzi. Kumfuta mtu kwa kuuita wimbo wake "asili" ni dhuluma ya kimya, na inawapata zaidi watunzi wa Afrika. Mwimbaji wa Mombasa aliyechukua kutoka Bombay na mtunzi wa Mombasa aliyechukuliwa na Ujerumani wanakutana hapa, na haki inayomtetea mmoja ndiyo inayomdai mwingine.

Wapo pia waliochukua sauti ya dini ya watu. Farrokh Bulsara, Mparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana ulimwenguni kama Freddie Mercury wa Queen, alilitia tamko la Kiislamu la kuanzia mambo ndani ya Bohemian Rhapsody mwaka 1975, na mwaka 1978 akafungua albamu ya Jazz kwa Mustapha, wimbo unaoigiza mlio wa adhana na kisomo. Ni mwanamuziki wa ajabu. Lakini katika Mustapha sauti za ibada zimechukuliwa kama rangi, na hapaonekani mahali mtunzi alipokubali kubeba mzigo wake. Hapo kuchuma ni kwepesi mno.

Mwaka 2016 lilitokea jambo ambalo al-Ash'ari angelitaka kulisikia. Watafiti wa Sony jijini Paris walitoa Daddy's Car, wimbo kwa mtindo wa Beatles ambao mahadhi yake yalitungwa na programu ya kompyuta iliyolishwa nyimbo nyingi. Mtunzi Mfaransa, Benoît Carré, ndiye aliyechagua mtindo, akapanga ala na kuandika maneno. Tangu hapo mashine zimekuwa hodari zaidi, na leo mtu aliyekaa Makadara na simu yake anaweza kuagiza wimbo wa roki, au taarabu yenye harmoniamu na tashkota, ukaja kabla chai haijapoa.

Wanaopaza sauti kwamba mashine imeumba wanakosea kama walivyokosea waliosema mtunzi ameumba. Wanaosema haikufanya chochote ila kuiba wanasahau kwamba binadamu naye amelishwa nyimbo tangu utotoni. Tofauti haiko katika malisho. Iko katika mkono. Mashine inatikisika, haiwezi kunyanyua. Haikuchagua kwa kutaka, haitaona haya harusini mama wa bibi harusi akikunja uso, na Siku ya Hesabu haitasimamishwa. Kwa hiyo kila wimbo wake huzaliwa bila ya aliyeuchuma, mpaka mtu auokote na kusema: huu ni wangu. Kwa kuchagua na kuandika, Benoît Carré aliuokota wake. Aliyeagiza wimbo kwa simu akauweka hewani bila ya kuusikiliza mara mbili bado hajauokota, na kama maneno yake yatamvunjia mtu heshima au mahadhi yake yatakuwa ya mtu mwingine, dhamana itamfuata yeye. Mashine haina mfuko wala shingo.

Hili ndilo linaloweza kumnufaisha kijana wa Mji wa Kale anayetaka kutunga kwa mtindo wa bendi anayoihusudu. Hana sababu ya kuona haya kwa kuanzia kwa wengine. Hakuna aliyeanzia kwingine. Ila achague akiwa macho. Gitaa la Kiingereza limejengwa kwa mkazo wa Kiingereza, na Kiswahili kitalipinga mahali fulani. Mahali hapo ndipo kazi yake inapoanza, kama ilivyoanza ya Ahmad Nassir mbele ya noti ndefu ya Kiurdu. Na alitaje jina la aliyemkopesha.

Juma Bhalo aliliaga jukwaa mwaka 2007 na akafariki Aprili 2014. Harusini bado wako vijana wanaoimba kwa namna yake, wakiyavuta maneno alivyoyavuta yeye, na wengi wao hawakupata kuziona filamu mahadhi yale yalikotoka. Kwao mahadhi hayo ni ya Bhalo. Anayetunga leo wimbo mpya kwa mtindo huo ana madeni mawili ya kutaja, la Kuze na la Bombay, na maneno atakayoyaongeza ni juu yake mwenyewe.